Dishi la Bibi halikuwa la anasa

Najua nimepotea siku nyingi, esei zimenibana kweli kweli. Leo nina la moyoni.

Mnaopita hapa mara kwa mara mnajua napanga chumba London kwa bibi mmoja wa Kijapani. Nilipohamia alikuwa na dishi ukutani na king'amuzi cha JSTV, chaneli ya kulipia iliyoanza 1990 kwa ajili ya Wajapani walioko Ulaya. Mwanzoni nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Mtu kaishi Uingereza zaidi ya miaka 40, bado anatafuta nini kwenye taarifa ya habari ya Tokyo?

Jibu nililipata tarehe 31 Desemba 2022. Saa 4:20 asubuhi akaniita nikae naye. Kumbe Kohaku ndiyo inaanza, tamasha la muziki la NHK la kufunga mwaka. Kwao Japani ilikuwa saa 1:20 usiku. Tukala tambi za soba, ambazo wenzetu huzila siku hiyo. Ilipofika saa 9 alasiri, London bado mchana, Japani mwaka mpya ukaingia. Kengele za mahekalu zikawa zinalia kwenye runinga, Bibi akainama kunitakia heri. Muda ule ule dada yake kule kwao alikuwa anasikia kengele zile zile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dishi lile halikuwa la burudani tu. Lilikuwa saa yake ya ukutani.

JSTV ilifungwa 31 Oktoba 2023. Kule Amerika Kaskazini, TV Japan nayo ikazimwa 31 Machi 2024, nafasi yake ikachukuliwa na Jme, huduma ya mtandaoni. Wenye chaneli siwalaumu. Kurusha matangazo kwa setilaiti ni gharama, na vijana wa siku hizi hawatundiki madishi, wanatazama kwenye simu.

Ila mkiniambia "si aingie tu kwenye intaneti", hapo nabisha. Kwanza, huduma nyingi za video za Japani hazifunguki ukiwa nje ya nchi. Pili, dishi lilitaka kubonyeza rimoti tu, basi. Intaneti inataka barua pepe, neno la siri, kadi ya benki na macho ya kusoma maandishi madogo. Tatu, intaneti inakupa kipindi kwa muda unaoutaka wewe. Bibi hakutaka muda wake, alitaka muda wa kwao.

Mwisho wa 2023 dada yake alipiga simu, akaisogeza karibu na runinga yake, Bibi akasikiliza kengele kwenye spika. Alishukuru sana. Mimi nilijifanya naenda kuchemsha chai.

Msimamo wangu ni huu: teknolojia ikibadilika, wanaoachwa nyuma si wajinga. Ni wazee wasio na mtu wa kukaa nao. Tangu siku ile, kila Jumapili nakaa na Bibi kwenye kompyuta yangu, polepole, hata tukirudia jambo lile lile mara kumi. Na wewe uliyemnunulia mzee wako simu mpya ukaondoka bila kumwelekeza, hebu jiulize umempa nini.

Nawasilisha. Tupo pamoja.