Dalali wa Feri havai tai

Mwandishi wa makala ninayoijibu anashauri suti, sauti nzito na Kiingereza kilichonyooka ili mtu aheshimike ofisini. Nadhani anachanganya dalili na chanzo. Atoke kidogo kwenye ofisi za Kivukoni, Dar es Salaam, atembee asubuhi hadi soko la samaki la Feri: dalali wa mnada yuko ndani ya mabuti ya mpira, magamba mikononi, lakini akitaja bei ya changu hakuna anayemdharau, kwa sababu samaki anawajua, wanunuzi anawajua, na bei inatajwa mbele ya watu wote.

Mtaniambia ofisi si mnada, mteja huanza na macho. Kweli, na shati lililopigwa pasi halimdhuru mtu. Lakini karani anayekwambia "njoo kesho" kwa Kiingereza safi bado hajakuhudumia. Serikali yenyewe iliagiza Kiswahili kitumike maofisini tangu mwaka 1967, ila kwenye usaili kijana anayezijua hesabu vizuri bado anaonekana hajiamini, kisa amekwama kwenye lugha. Akija mgeni, sawa, Kiingereza kitumike. Wanaopanga foleni pale dirishani, wageni ni wangapi?