Ziwa Kivu: sababu gani muzamiaji hakawii chini ya maji?

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi yenye kutoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu wa Goma. Kila ajali kama ile, jamaa wenye kungoja kando ya ziwa wanauliza: mbona wazamiaji wanapanda mbio vile? Wanaogopa?

Hapana. Ni hesabu ya hewa.

Tuchukue chupa ya litri 12. Hewa inasukumwa ndani yake mpaka bari 200. 12 mara 200 ni litri 2.400. Kati yake, 600 ni akiba ya kupandia, haiguswi. Zinabaki 1.800.

Mutu mwenye kupumua pole anatumia, tuseme, litri 20 kwa dakika akiwa juu. Lakini maji inafinya. Ku metri 10 anatumia karibu mara mbili. Ku metri 30, karibu mara nne, ni kusema litri 80. Basi dakika 90 za juu zinakuwa 22 tu, na kushuka kumo ndani. Akivuta muzigo ao akishikwa na woga, pumzi inaongezeka mara mbili: zinabaki 11.

Kwa hiyo, siku ya ajali tusiulize tu wazamiaji wamefika wangapi. Tuulize: chupa ngapi zimejaa, na mashine ya kuzijaza iko wapi? Kumulazimisha mutu arudie chini na chupa yenye kuisha, ni kutafuta maiti ingine.