KAZI YA KUCHORA NGUO: LINI TUWAPE WATU WA NJE?

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu wa mwisho kulikuwa na maneno makali juu ya kikundi cha kushona cha Mutomo, na kwa kuwa saa zilikwisha kabla maneno hayajakwisha, namwomba Mhariri anipe nafasi niyamalize hapa. Mimi si mwandishi. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni ya njia ya reli upande wa Kibwezi. Lakini mke wangu ana cherehani yake katika kikundi kile, nami nina akiba yangu humo, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Wasiojua habari waelezwe kwanza. Kikundi ni cha watu 11: wake wa wafanya kazi wa reli, pamoja na wanachama wawili waliostaafu. Wana cherehani sita. Walianza kwa sare za shule, kisha wakaongeza magauni na mashati ya kitenge, ambayo huyatia alama yao kolani na kuyauza siku za soko Mutomo, Ikutha na Kibwezi. Tangu barabara ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo iwekwe lami, mzigo wafika sokoni bila vumbi, na wanunuzi wameongezeka. Sasa kikundi chataka kutoa nguo za mitindo mipya, maana mitumba imejaa sokoni na shati la jana halimvuti mtu. Wengine wamesema tumlipe mchoraji wa mitindo wa Nairobi atuchoree. Fedha zinazotakiwa ni Sh. 40,000, nazo zitoke katika mfuko wa akiba. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Mzee mmoja alisimama akasema: "Ninyi vijana, chama hiki kimepiga kelele miaka mingi kwamba kazi ya mfanya kazi isipewe watu wa nje. Leo ninyi wenyewe mwataka kuwapa watu wa nje kazi yenu. Kesho mtamwambia nini mwajiri?"

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Lakini usiku nilipolala nilijiuliza kama Mzee amesema yote, au amesema nusu.

Neno la Mzee lina mizizi. Novemba 2006 reli yetu ilikabidhiwa kampuni ya watu binafsi kwa mkataba wa miaka 25. Maelfu ya wafanya kazi waliondoka kazini. Mkataba haukufika hata nusu ya miaka yake, kwani ulivunjwa mwaka 2017. Mimi wakati ule wa 2006 nilikuwa kijana sijaajiriwa, lakini nimefanya kazi na watu walioyaona kwa macho yao. Kwao nimejifunza mambo mawili. Kwanza, ni vibaya kumpa mtu wa nje kazi iliyomo mikononi mwa watu wako wanaoijua. Pili, ukitoa kazi yote, pamoja na watu wenye ujuzi wa kuikagua, huna tena wa kukuambia kama imefanywa vyema au vibaya. Unabaki kusaini karatasi.

Sasa tuulize: je, kazi hii ya kuchora nguo imo mikononi mwa nani pale Mutomo? Hapa ndipo naona sote tulikosea mkutanoni. Tulisema "kuchora" kana kwamba ni kazi moja, kumbe ni kazi nne au tano zilizofungwa katika neno moja. Iko kazi ya kujua mnunuzi anataka nini. Iko kazi ya kuchora nguo yenyewe ilivyo mbele na nyuma. Iko kazi ya kukata zile karatasi za kukatia kitambaa, na kuzipanua au kuzipunguza ili nguo iwe ya mtu mdogo, wa kadiri na mnene. Iko kazi ya kuchagua kitambaa na rangi. Na iko kazi ya kuchora alama ya kolani. Kila moja ina jibu lake. Baadhi twaweza kumpa mtu wa nje bila hasara, na baadhi tukizitoa tumekwisha.

Nitoe ushahidi wa jambo lililotupata. Mwaka jana tulimlipa mtu mmoja Sh. 24,000 atuchoree mitindo mitatu. Jina lake sitalitaja, na nia yangu si kumlaumu, maana nusu ya kosa lilikuwa letu. Tulimwambia tu: "Tuchoree nguo nzuri." Naye akachora nguo nzuri. Michoro ilikuwa ya kupendeza mno, tukaibandika ukutani na watoto wakaja kuitazama. Lakini mtindo mmoja ulikuwa koti lenye kitambaa cha ndani, la kufaa baridi ya Nairobi mwezi wa saba. Nani atalivaa Mutomo katika jua letu? Mtindo wa pili ulitaka kitambaa ambacho hatukukipata Kitui wala Kibwezi. Mtindo wa tatu ulitufaa, lakini karatasi za kukatia hazikuwamo. Tulipouliza, tukaambiwa hizo zina malipo yake mbali. Akina mama wakakisia vipimo wenyewe, wakakata jora zima, na magauni yakabana kifuani. Yaliuzwa kwa hasara.

Ninyi wa reli mtanielewa upesi. Njia yetu ya zamani ina upana wa mita moja kati ya reli na reli. Njia mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ina milimita 1435. Zote mbili ni njia njema, na zote zafika Mombasa. Lakini gari la moshi la njia hii haliendi juu ya njia ile, hata likipakwa rangi namna gani. Ndivyo ilivyokuwa michoro yetu. Haikuwa mibaya, ila ilipimwa kwa njia nyingine.

Na katika mwaka ule ule, gauni lililouzwa kuliko yote lilitoka wapi? Lilitoka kwa mama mmoja wa kikundi ambaye hajui kuchora hata kikombe. Yeye aliwasikiliza wanawake wenzake sokoni wakilalamika kwamba hawana pa kuweka simu na fedha wanapobeba mizigo. Akashona gauni la kitenge lenye mfuko wa ndani, mrefu, wenye kifungo, usioonekana kwa mwizi. Siku ya kwanza yaliuzwa yote. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo kazi ya kuchora nguo katika kiini chake, nayo ilifanywa bila kalamu. Kazi hiyo hatuwezi kumpa mtu wa nje, kwa sababu mtu wa nje hakai sokoni kwetu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Tazameni wenzetu wa pwani na biashara ya leso. Mombasa liko duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, ambalo leso zake zajulikana kwa alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla. Kwa miaka mingi leso za pwani zilichapishwa mbali, Ulaya, Bara Hindi na Japani, kwa kuwa huku hakukuwa na mitambo ya kuzichapisha. Hapakuwa na aibu katika hilo. Lakini jina la leso, yaani yale maneno ya Kiswahili yaliyoandikwa juu ya pindo la chini, hayawezi kutoka kwa mwenye mtambo aliye ng'ambo. Mtu wa kule atajuaje ni neno gani mwanamke wa Mombasa atalivaa makusudi ili jirani yake alisome? Kazi ya mtambo ilikwenda ng'ambo. Kazi ya kumjua mvaaji ilibaki dukani. Ndiyo sababu leso imebaki kuwa leso.

Kwa upande mwingine, ziko nguo zisizohitaji mchoraji kamwe. Sare ya shule imekwisha chorwa na shule yenyewe. Hapa Kitui, kiwanda cha Kaunti cha Syongila kiitwacho KICOTEC kilishona barakoa mwaka 2020 wakati wa korona. Kipimo cha barakoa kilijulikana, na kilichotakiwa ni mikono mingi na kushona sawasawa. Kikundi chetu chapata sehemu kubwa ya fedha zake kwa sare. Basi tusilipe mtu kuchora kitu ambacho kimekwisha chorwa.

Je, lini basi tumpe mtu wa nje kazi? Mimi nimejiwekea maswali manne, nayo nayaleta kwenu myapime.

Swali la kwanza: kazi hii yaja mara ngapi? Alama ya kolani yachorwa mara moja, kisha yatumika miaka kumi. Hakuna haja ya mtu wetu kwenda kusomea kazi ya siku moja. Hiyo tumpe mchoraji, tumlipe, kisha tuiandikishe Serikalini katika ofisi ya alama za biashara kwa jina la kikundi. Lakini karatasi za kukatia zahitajika kila mtindo mpya, mwaka baada ya mwaka. Kazi inayorudi kila mara ni bora aijue mtu wetu.

Swali la pili: fedha hizi zikitumika kufundisha, zitazaa nini? Tumeuliza bei. Fundi mzoefu wa kukata na kupima atakuja kukaa nasi siku tano, akiwafundisha akina mama watatu, kwa Sh. 15,000 pamoja na nauli na chakula. Siku ya sita ataondoka, ujuzi utabaki. Mchoraji wa Sh. 40,000 akiondoka, itabaki michoro, na mwakani tutamwita tena.

Swali la tatu: je, twaweza kuikagua kazi atakayotuletea? Kama hakuna hata mmoja wetu awezaye kuitazama karatasi na kusema "hapa bega limekosewa," basi hatujawa tayari kumpa mtu kazi hiyo. Tujifunze kwanza kiasi cha kukagua.

Swali la nne, nalo ndilo la chama: je, kuna mwanachama atakayenyang'anywa kazi? Kama yupo, jibu ni hapana, na mjadala umekwisha. Kama hayupo, si haki kumzuia mwenzetu aliye fundi wa kuchora asipate riziki yake kwetu.

Hapa namjibu Mzee wangu kwa heshima. Mchoraji wa mitindo naye ni mfanya kazi. Wengi wao hawana mwajiri wala chama, hulipwa leo na kukosa kesho. Tukimpa kazi, tusimfanyie yale tunayoyakataa sisi. Tusimwombe achore kwanza bure "tuone kama tutapenda." Tusimcheleweshe malipo. Tumwandikie kwa karatasi mambo haya: ni mitindo mingapi, ya nguo gani, kwa kitambaa kinachopatikana Kitui, kwa vipimo vya miili ya wanunuzi wetu ambavyo tutampa sisi, pamoja na karatasi za kukatia za saizi zote, siku gani atamaliza, na kwamba akiisha lipwa michoro ni mali ya kikundi. Tumpe theluthi mwanzoni, theluthi akileta nguo ya kwanza ya mfano na mtu wetu akaivaa, na theluthi ya mwisho kazi ikikamilika. Tungalifanya hivyo mwaka jana, yule ndugu angalifanya kazi njema, nasi tungaliokoa fedha na jora la kitambaa.

Wako wanaosema nguo bila jina la mchoraji wa Nairobi haitaheshimiwa. Nawajibu kwamba cha kuazima hakisitiri maungo. Mnunuzi wa Mutomo harudi kwa ajili ya jina la mtu asiyemjua. Anarudi kwa sababu gauni halikuchanika kwapani, rangi haikutoka katika maji, na fedha zake hazikuibiwa sokoni.

Basi pendekezo langu kwa mkutano ujao ni hili. Sh. 40,000 zisitoke zote. Zitoke Sh. 15,000 za kumleta fundi wa kufundisha kukata na kupima. Zitoke Sh. 5,000 za alama, kumlipa mchoraji na kuanza kuiandikisha, na ikizidi turudi mkutanoni. Sh. 20,000 zibaki katika mfuko. Akina mama watoe mitindo miwili kwa mwaka kutokana na wanayoyasikia sokoni, wakianza na gauni la mfuko wa ndani kwa saizi zote. Baada ya mwaka mmoja, wakiwa wamejua kukata na kukagua, hapo ndipo tumwite mchoraji wa nje kwa mtindo mmoja wa sikukuu, tukiwa twajua tunachokitaka.

Fedha zile si za Kamati. Ni jasho la watu waliokaza misumari ya reli juani, na la wake zao waliokanyaga cherehani usiku kwa taa. Atakayenyosha mkono siku ya kura akumbuke hivyo. Kama nimekosea, nisahihishwe katika toleo lijalo, lakini nisahihishwe kwa hesabu, si kwa makofi.

Wenu katika Chama,
Mfanya kazi wa Reli, Kibwezi (kwetu Mutomo)