Mche wa Matunda: Mfahamu Kwanza Mwuzaji

Katika vitu vyote ambavyo mfanyakazi wa mjini hununua kwa jasho lake, ni vichache vinavyoweza kuficha ubovu kwa muda mrefu kama mche wa matunda. Kitenge kibovu hupauka kikifuliwa mara ya kwanza. Mchele uliochanganywa hujulikana jikoni jioni ile ile. Mche hauko hivyo. Mche ulioambiwa kuwa ni mwembe wa kubebesha, utakaozaa mwaka wa tatu au wa nne, huota, hutoa majani, huwafurahisha watoto, hunyweshewa maji ya kununua. Na mwaka wa sita ukifika bila ua hata moja ndipo mwenye nyumba anapoanza kujiuliza maswali. Wakati huo aliyemwuzia kando ya barabara amekwisha kuhama zamani, na namba yake ya simu haipatikani.

Pengo hilo la miaka ndilo linalolisha udanganyifu katika biashara ya miche. Wengi wenye viwanja Chanika, Kibaha au Bagamoyo, na wengi zaidi wanaotazamia kustaafu na kurudi kulima nyumbani, huuliza bei kabla ya kuuliza jambo lolote jingine. Hebu tupige hesabu kwa mfano tu. Mtu amepata kiinua mgongo chake, naye ana ekari moja huko Njombe au Kilimanjaro anayotaka kuipanda maparachichi. Akipanda kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ataingiza miche 80 hivi. Tuseme kitalu kimoja kinauza mche kwa shilingi 5,000 na kingine kwa shilingi 3,000. Akichagua wa bei rahisi ataokoa shilingi 160,000. Lakini mashimo ni yale yale, samadi ni ile ile, palizi na mlinzi ni vile vile, na umri wake hausimami kumngoja. Mtu wa miaka 60 hana miaka mingine mitano ya kuanza upya.

Ili tuelewe kwa nini mwuzaji ana uzito mkubwa hivyo, yafaa tukumbuke jinsi parachichi, au embe mafuta kama wasemavyo ndugu zetu wa Unguja, lilivyopata jina la Hass linaloshika soko la dunia leo. Rudolph Hass alikuwa mgawa barua huko California, Marekani. Katika miaka ya 1920 alinunua miche iliyooteshwa kwa mbegu ili aibebeshe aina ya Fuerte, ambayo ndiyo iliyokuwa ikisifiwa siku zile. Mche mmoja ulikataa. Kila alipobebesha, kazi iliharibika. Akauacha ukue wenyewe. Ulipozaa, matunda yake yalikuwa na ganda jeusi lenye chunusi, lakini watoto wake wakayapenda kuliko ya Fuerte. Mwaka 1935 Hass akapewa hataza ya mti huo, akaingia mkataba na mwenye kitalu mmoja, Harold Brokaw, auzalishe na kuuza miche yake.

Tangu hapo, kila mparachichi wa kweli wa Hass, uwe Mexico, Kenya au Rungwe, umetokana na mti ule mmoja kwa kukata kikonyo na kukibebesha juu ya shina jingine. Mbegu ya Hass haizai Hass. Ukiifukia kokwa yake uani utapata mparachichi, naam, lakini tunda lake litakuwa la bahati nasibu: huenda likawa tamu, huenda likawa la nyuzi nyuzi na kokwa kubwa. Hass mwenyewe aliishinda bahati nasibu hiyo mara moja, wala faida haikumtajirisha. Wakulima walinunua mche mmoja kwa Brokaw, kisha wakakata vikonyo vyake na kujibebeshea shamba zima. Mzee huyo aliendelea na kazi yake ya posta, akafariki mwaka 1952.

Basi kubebesha ni hivyo tu: chini ni mizizi ya mche uliooteshwa kwa mbegu, juu ni kikonyo kilichokatwa katika mti mama ambao matunda yake yamekwisha kuonjwa. Utamu wa tunda na muda wa kuzaa vimo ndani ya kikonyo, na kikonyo kikiwa kimekwisha kuota majani, hakuna jicho la mnunuzi wa kawaida linaloweza kusema kimetoka wapi. Anayejua ni mwuzaji peke yake. Kwa hiyo swali la kwanza kitaluni liwe hili: vikonyo umevikata wapi? Mwenye kitalu wa kweli hufurahi kuulizwa. Atakupeleka nyuma ya uzio akuonyeshe mwembe wenyewe, au atakutajia shamba au kituo alikovipata na mwezi alipovipata. Mlanguzi wa miche hukasirika, au hucheka, au huanza kukusifia bei.

Mahali pa kuanzia pako wazi. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, inacho kituo cha Tengeru mkoani Arusha ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na mazao ya bustani. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro nacho kina bustani inayobebesha miche ya matunda. Ubora wa mbegu na vipando ni wajibu wa TOSCI, iliyoundwa kwa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na afya ya mimea iko chini ya mamlaka ya TPHPA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Majirani zetu wa Kenya wana idara ya mazao ya bustani inayosajili vitalu vya miche ya matunda. Mwulize mwenye kitalu kama amesajiliwa na kukaguliwa, na umwombe akuonyeshe karatasi. Bwana shamba wa kata naye aghalabu anawajua wenye vitalu wote wa sehemu zake, wazuri na wabaya, na kumwuliza hakugharimu kitu.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba karatasi inatosha. Mche ulioachwa siku tatu bila maji haujui kama mwenyewe ana cheti. Na wako wenye vitalu wadogo, akina mama na vijana wenye miche mia mbili chini ya kivuli cha makuti, ambao ningenunua kwao kabla ya kwenda penye uzio wa chuma. Dalili yao ni kuwa wana machache. Kila safu ina kibao chenye jina la aina na tarehe ya kubebeshwa. Ukitaka mche ambao haujakomaa wanakwambia rudi baada ya wiki sita. Ukiwa unaishi Temeke na unataka Hass, watakuonya kwamba aina hiyo hupendelea nyanda za juu zenye baridi kiasi, na kwamba joto la Pwani halitakupa matunda unayoyaona Njombe. Mwuzaji anayekubali kupoteza fedha yako leo ni wa kurudiwa kesho. Lakini yule ambaye ana kila aina uitajayo, huyo mjaribu kidogo: mtajie embe la jina ulilolitunga mwenyewe njiani. Akikujibu kuwa analo na limebaki moja tu, mshukuru, uende zako.

Sasa tuutazame mche wenyewe, maana hata kwa mwuzaji mwaminifu macho lazima yafanye kazi. Tafuta kovu la kubebeshea, ambalo mara nyingi huwa kiasi cha shubiri moja juu ya udongo. Kovu la kweli lina umbo la kabari: kikonyo kimechongwa pande mbili kikaingizwa katika shina lililopasuliwa, na ganda la juu na la chini huweza kutofautiana rangi. Mlaghai aweza kuchukua mche wa mbegu, akaukwangua kidogo, akauzungushia nailoni, na kukuuzia kuwa umebebeshwa. Mwombe afungue nailoni hiyo mbele yako. Kovu lililopona halitafunguka. Kama chini ya nailoni shina ni moja, limenyooka, halina kabari, umekwisha kupata jibu. Tazama vilevile kama kuna machipukizi yaliyotoka chini ya kovu. Hayo ni ya shina la mbegu, na yakiachwa yatakinyonya kikonyo mpaka kife, nawe utabaki kumwagilia mti ambao hukuununua.

Kisha mizizi. Hapa ndipo wanunuzi wetu wanapoona haya bila sababu. Kama unanunua miche mingi, lipia mmoja zaidi na umwombe mwenye kitalu auchane kiriba chake. Hasara ya mche mmoja kati ya 80 ni ndogo mno. Mizizi mizuri ni myeupe au ya rangi ya maziwa ya chai, imetawanyika. Ikiwa imejizungusha ndani ya kiriba kama kamba ya kisima, au mzizi mkuu umepinda kama ndoana, mti huo utadumaa. Ikiwa imetoboa kiriba na kuingia ardhini, ujue mche umekaa kupita kiasi, na siku ya kuung'oa utaacha nusu ya mizizi kitaluni. Na ikiwa ni myeusi, laini, inavunjika ukiigusa, hapo usinunue hata mmoja katika safu ile. Kwa maparachichi hasa, kuna kimelea cha udongoni kiitwacho Phytophthora cinnamomi kinachoozesha mizizi na kusafiri na udongo wa viriba na maji yaliyotuama. Ule mti mama wa Hass huko California ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi. Ukimkuta mwenye kitalu ameweka viriba vyake juu ya kokoto au juu ya meza ili maji yasituame, mtu huyo anajua anachokifanya.

Kwa michungwa na milimau tahadhari iongezwe. Ugonjwa unaoitwa na wataalamu huanglongbing, ambao hufanya majani kuwa na mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili na matunda kubaki madogo yaliyopinda, hauna dawa. Huenezwa na mdudu mdogo mwenye kunyonya utomvu, lakini pia husafirishwa ndani ya kikonyo kilichokatwa katika mti mgonjwa. Mche mmoja wa rahisi waweza kuwa ndio mlango wa ugonjwa huo katika shamba la jirani yako, ambaye hakukushauri wala hakula senti yako.

Nimeacha simu mwisho kwa kuwa huko ndiko fedha nyingi zinakopotea. Siku hizi miche huuzwa kwa picha: mwembe wa kimo cha goti umejaa maembe, mparachichi ndani ya ndoo umeinama kwa matunda. Unatuma fedha kwa simu, mche unakuja kwa basi. Udanganyifu huu si wa kwetu peke yetu. Marekani na Ulaya kuna wapenzi wa mti mdogo wa Kijapani uitwao mepo, wenye majani yaliyochanika kama vidole vya mkono, na kwa miaka mingi wameuziwa katika maduka ya intaneti mbegu za mepo wa majani ya bluu. Mepo wa bluu hayupo duniani. Ni picha iliyotiwa rangi. Hata mbegu zikiwa za mepo wa kweli, miche yake hutofautiana na mzazi kama ile ya parachichi, na aina zenye majina hubebeshwa vivyo hivyo. Wanunuzi wa huko walijifunza kuulizana wao kwa wao nani alituma mti ulio hai na nani alituma kijiti.

Nasi tuulizane. Ukiona tangazo la miche katika simu yako, usiridhike na picha ya matunda. Dai picha ya kovu la mche ule ule utakaoletewa, iliyopigwa siku hiyo, au mwombe apige simu ya video akiwa amesimama kitaluni. Mwombe akuunganishe na mtu aliyenunua kwake miaka minne iliyopita, si wiki iliyopita. Lipa nusu, na nusu nyingine ukiwa umeushika mche stendi. Stakabadhi iandikwe jina la aina na neno "kubebesha", si "miche ya matunda" tu, maana maneno hayo matatu hayamfungi mtu yeyote. Anayekataa masharti haya huenda ni mwaminifu aliyechoka na maswali, lakini wewe huna njia ya kumjua.

Kwa walio Pwani na Dar es Salaam wanaongojea masika ya mwezi Machi, Januari ndio mwezi wa kuzunguka, kwa sababu vitalu vizuri huishiwa mvua zikianza na vibaya hubaki vimejaa. Chukua kisu kidogo cha kuchania kiriba, fika vitalu vitatu, na siku hiyo fedha iache nyumbani.