Eti "hata Wazungu wanavuta"



Kila tukizungumza habari ya mchumba mvuta sigara, hakosi mmoja wa kuniambia: "Mwache kijana wa watu, hata Wazungu Uingereza wanavuta na umri wanakula." Leo nataka tulimalize neno hili.

Kweli walivuta. Mwaka 1974 karibu nusu ya watu wazima kule walikuwa wavutaji. Mwaka 2023 walibaki kama 12 katika kila 100. Basi anayekwambia hivyo anakupa habari za ujana wa bibi zao. Na hawakuacha kwa kuchoka ladha, waliacha kwa sababu walizika sana.

Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wanaume wa nchi hiyo, zaidi ya 34,000, na kazi ikaendelea miaka 50. Madaktari wenyewe, wallahi, si watu wasiojua! Walioendelea kuvuta walikufa kwa wastani wa miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Hebu piga hesabu, bi harusi: miaka 10 ya kukaa peke yako. Aliyeacha ana miaka 60 aliokoa kama 3, aliyeacha ana 50 aliokoa kama 6, na aliyeacha ana 30 alirudisha karibu yote. Mchumba wako ana miaka mingapi?

Wanawake wa kule nao waliuziwa sigara kwa jina la uhuru na wembamba. Leo saratani ya mapafu inaua wanawake wengi Uingereza kuliko saratani ya matiti. Na sisi tunaingiza shisha kwenye sherehe ya singo! Shisha ya tumbaku ni tumbaku, hata ikinukia tofaa.

England tangu Oktoba 2015 ni marufuku kuvuta ndani ya gari lenye mtoto. Gari tu! Kwetu mtu anavuta chumbani, mkewe ana mimba ya miezi 7 anauvuta moshi ule ule, mtoto anazaliwa hana uzito, na mke anaambiwa "mvumilie mumeo." Uvumilivu gani huo?

Sikwambii umkatae. Nakwambia posa isijibiwe mpaka aulizwe, walii wako yupo, ataacha lini, na ataje tarehe. Akisema "baada ya harusi", basi na harusi iwe baada ya kuacha.