Tulikutuma Sheria, Umetuletea Boksi

Makamanda, kuna mtindo umeingia na lazima tuuseme. Kina mama wenye vyeo na kina mama wenye fedha wanakutana wikiendi, ukumbi umepambwa, vitenge sare, MC wa nguvu, mada uongozi na uhisani. Jumamosi hotuba. Jumapili Misa kwa wanaosali, halafu ahadi za michango, halafu picha. Mwezi uliopita ulifanyika mkutano kama huo kwenye chuo kikuu kimoja cha Kikatoliki, sikitaji jina, na wanafunzi wa kike wa sheria tulialikwa tujaze viti vya nyuma. Ahadi iliyopigiwa makofi kuliko zote ilikuwa maboksi ya pedi kwa sekondari za Pangani na Mkinga.

Sasa mimi ni mtoto wa Ngamiani, hao ni wa kwetu. Nikanyoosha mkono nikauliza: waheshimiwa mliomo humu, kodi ya hizi pedi iliporudishwa bungeni, mlipiga kura gani? Mwendesha kikao akatabasamu: "Binti, hapa hatufanyi siasa." Tukaenda kunywa chai.

Basi siasa naifanyia hapa.

Mwaka 2018 Bunge liliondoa VAT kwenye taulo za kike. Tukashangilia. Haukupita hata mwaka wa pili: kwenye bajeti ya 2019/20 Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, akairudisha, ile ile asilimia 18. Sababu? Eti wafanyabiashara hawakushusha bei, kwa hiyo msamaha haukumfikia mlaji. Jamani! Mfanyabiashara akikataa kushusha bei anaadhibiwa msichana? Na bajeti hiyo hiyo ikawapa wawekezaji wapya wa viwanda vya pedi nafuu, kodi ya mapato ya kampuni ikashuka kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili. Bunge lile lilikuwa na wanawake zaidi ya theluthi moja, wengi wao wa viti maalum, viti vilivyowekwa kwenye Katiba ili mambo kama haya yapate msemaji. Bajeti ikapita.

Piga hesabu. Kwa sheria ile, mhisani akinunua pedi za shilingi milioni 1, anaongeza 180,000 za Hazina. Yaani sadaka yenyewe inakatwa kodi, halafu aliyesema "ndiyo" kwa hiyo kodi anasimama jukwaani kukabidhi boksi.

Wanaosema haiwezekani wapande daladala hadi Horohoro wavuke mpaka. Kenya iliondoa VAT kwenye pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 ikarekebisha Sheria ya Elimu ya Msingi kuitaka Serikali iwape wanafunzi wa kike pedi bure. Sisemi kila shule ya Kwale inapata kwa wakati, utekelezaji una matatizo yake. Lakini msichana wa Lunga Lunga asipopata ana kifungu cha sheria cha kudai. Wa Mkinga ana namba ya simu ya mhisani, kama anayo.

Pale pale chuoni tunasomeshwa mafundisho ya jamii ya Kanisa, na sisi Waislamu tunafanya mtihani kama wengine. Papa Benedikto XVI, kwenye waraka wake wa 2009, Caritas in Veritate, anafundisha kwamba haki ndiyo inatangulia. Huwezi kuita zawadi kile ambacho mtu alikuwa anakudai. Madrasa ustadhi alitufundisha jambo la namna hiyo hiyo: zaka humfanyii maskini hisani, ni haki yake iliyomo ndani ya mali yako. Sasa padri na ustadhi wamekubaliana, wewe mheshimiwa unabisha nini?

Historia nayo ipo. BAWATA, Baraza la Wanawake Tanzania lililoongozwa na Profesa Anna Tibaijuka, lilianza miaka ya 1990 likidai wanawake wapewe haki zao na likiwafundisha wapiga kura wa 1995 wawabane wagombea. Likaambiwa linajifanya chama cha siasa. Mwaka 1997 likafutwa. Mwaka huo huo 1997 mfuko wa hisani wa mke wa Rais, Mama Anna Mkapa, ukazaliwa na ukanawiri. Sina neno na mikopo waliyopata kina mama kupitia mfuko ule. Naangalia tu ni mwanamke yupi Serikali ilimwogopa. Mahakama Kuu ilikuja kusema kufutwa kwa BAWATA kulivunja Katiba, lakini ni mwaka 2009, miaka 12 baadaye.

Na Sheria ya Ndoa ya 1971? Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu, kwenye kesi ya Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya 13 na 17 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ilikuwa na mwaka mmoja wa kurekebisha. Mwaka ukaisha, kimya.

Na nyie wa upande wetu msicheke sana. Machi 8 ikifika tunakimbilia wodi ya wazazi na sabuni na kamera, tofauti ni rangi ya sare tu.

Tajiri anayetoa chake namshukuru, aendelee. Mbunge ndiye ninayemdai. Kanuni za Bunge zinamruhusu kuleta muswada binafsi, kitu ambacho hakuna tajiri pale ukumbini anaweza kukileta kwa pesa zake zote. Mkutano ujao wakaangaji samaki wa Deep Sea wakae viti vya mbele, na kila mheshimiwa aje na rasimu mkononi. Sisi wa nyuma tutaisoma kifungu kwa kifungu.