Tangazo Linaposhika Chuma Upande wa Moto

Kuna utetezi mmoja uliozoeleka mno miongoni mwa watengenezaji wa matangazo ya televisheni. Ukiwaonesha kosa, hujibu: "Hilo ni tangazo tu." Kauli hiyo ndiyo ninayokusudia kuipinga, kwa sababu inasikika kama unyenyekevu ilhali ni dharau kwa watu wawili kwa mpigo: mtazamaji anayeaminishwa na mfanyakazi ambaye kifaa chake kimegeuzwa pambo.

Tuanze na mfanyakazi. Mara ngapi tumemwona daktari wa tangazo akivaa stetoskopu ambayo ncha zake za masikioni zimeelekea nyuma? Ncha hizo zimeundwa zielekee mbele kwa kuwa tundu la sikio lenyewe limeelekea huko. Akizigeuza, sauti ya moyo humfikia kwa shida. Picha ya eksirei ya kifua nayo hubandikwa kinyume, kivuli cha moyo kikaangukia upande usio wake. Kwenye intaneti ipo picha mashuhuri ya kibiashara inayomwonesha mwanamke "akilehemu" sakiti ya kielektroniki huku ameshika kifaa cha kulehemu kwenye chuma chake chenye kuunguza. Mafundi wameicheka duniani kote. Aliyeipiga hakuona tatizo, wala aliyeiuza, kwa sababu katika mlolongo wote huo hakuulizwa mtu hata mmoja aliyewahi kulehemu.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo. Kosa la kifaa hufichua nani alikuwapo mezani wakati tangazo linabuniwa na nani hakuitwa. Mwanamitindo alichaguliwa kwa makini, rangi ya shati ikajadiliwa, taa zikapangwa. Muuguzi, mchomeleaji na mkulima hawakuulizwa swali. Taaluma zao zilihitajika kwa sura tu.

Atatokea wa kusema kwamba stetoskopu iliyogeuzwa haijamuua mtu. Sawa. Lakini vifaa havilingani kwa hatari. Mkulima anayepulizia dawa ya wadudu bila glavu wala barakoa, akitabasamu huku upepo ukimrudishia dawa usoni, anatoa somo. Mchomeleaji asiye na kioo cha kukinga macho anatoa somo. Mtungi wa gesi uliolazwa ubavu jikoni ili upendeze kwenye fremu unatoa somo baya kuliko yote, kwani mtungi ukilala, gesi iliyo katika hali ya kimiminika inaweza kupenya hadi kwenye regulita na jiko. Tunatumia fedha za umma kuwafundisha wananchi matumizi salama ya vifaa hivi, kisha tunaruhusu filamu ya sekunde thelathini, inayorudiwa kila usiku, ifundishe kinyume.

Sasa tuje kwa mtazamaji. Baadhi ya makosa hayatokani na ujinga. Ni nyuzi za uongo zilizosahaulika nje ya pazia. Mnamo Septemba 2012, Nokia ilitangaza simu ya Lumia 920 kwa filamu ya msichana akiendesha baiskeli, ikisifu uwezo wa simu hiyo wa kutuliza picha inayotikisika. Watazamaji wenye macho makali wakagundua kwamba kwenye kioo cha dirisha alilolipita kulionekana taswira ya gari na mpiga picha mwenye kamera kubwa. Kampuni ikalazimika kukiri kwamba filamu haikupigwa kwa simu iliyokuwa ikiuzwa, ikaomba radhi. Mnamo Agosti 2018 nchini Misri, tangazo la Huawei Nova 3 lilionesha wapenzi wakijipiga picha. Mwigizaji wa kike akaweka mtandaoni picha za nyuma ya pazia, na katika mojawapo mwenzake ameunyoosha mkono usio na simu, huku kamera ya kitaalamu ikifanya kazi. Njia ya mwongo ni fupi, hasa ikipita mbele ya kioo.

Wapo waliofika mbali zaidi. Mwaka 1990 tangazo la Volvo lilionesha lori kubwa likipanda juu ya safu ya magari: yote yakabondeka, Volvo ikasimama. Ikabainika kwamba paa la Volvo lilikuwa limeimarishwa kwa mbao na chuma, na nguzo za magari mengine zilikuwa zimekatwa. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Texas akaingilia kati, tangazo likaondolewa, na mwaka 1991 kampuni na wakala wake wa matangazo wakakubali kulipa dola 150,000 kila mmoja. Kabla ya hapo, mwaka 1965, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kesi ya Colgate-Palmolive, iliyodai kwamba krimu yake ya kunyolea hulainisha hata msasa. Kilichonyolewa kwenye televisheni kilikuwa kipande cha plastiki angavu kilichonyunyiziwa mchanga. Mahakama ilikataa kwamba kuigiza uthibitisho bila kumwambia mtazamaji ni ubunifu halali.

Zingatieni kwamba mashauri haya hayakuhitaji maabara. Yalihitaji watu wanaotazama na taasisi zinazosikiliza. Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha umma. Sheria tunayo, tulichokosa ni mazoea ya kuitumia.

Kwa hiyo nina madai matatu. Kwanza, kila tangazo linaloonesha kifaa cha taaluma likaguliwe na mtu anayekitumia kifaa hicho kila siku. Msiniambie bajeti haitoshi: saa moja ya muuguzi ni nafuu kuliko siku moja ya kurudia kupiga filamu. Pili, ninyi watumishi wa umma mnaoidhinisha matangazo ya wizara na mashirika, msitie saini filamu ambayo fundi wa idara yenu hajaiona. Makosa ya kampuni hulipiwa na kampuni. Yenu hulipiwa na mlipakodi.

Tatu, nawageukia wanafunzi. Mnafundishwa kuchambua riwaya na hotuba, lakini maandishi yanayowafikia wazazi wenu kila jioni ni matangazo, na hayo mnayapisha bila swali. Mkiona kosa, msiishie kulicheka kwenye makundi ya simu. Andikeni jina la kituo, tarehe, saa, kifaa na namna kilivyotumiwa isivyo, kisha pelekeni malalamiko kwa kituo chenyewe na kwa Tume ya Ushindani, mkibaki na nakala. Barua moja itapuuzwa. Barua arobaini kutoka kwa wanafunzi wa uuguzi, kilimo na uhandisi, kila mmoja akiandika kuhusu kifaa anachokijua, zitamlazimisha mtu fulani ofisini alitazame tangazo lile kwa mara ya pili.